Ugonjwa Usioingia Daftarini

Mwezi Juni 2022, wanasayansi 25 kutoka nchi 8 walikutana Lyon, Ufaransa, kwenye makao ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, wakaiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza, yaani kundi la mambo ambayo hayana tena ubishi kwamba yanaleta saratani kwa binadamu. Kwa miaka karibu 15 kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa inashukiwa tu. Ushahidi uliowatosha ulihusu saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando unaofunika mapafu; kwa saratani nyingine, kama za utumbo mpana, tezi dume, korodani na ngozi, waliona dalili lakini hazikutosha kukata shauri. Ni rahisi kuisoma habari hiyo kama ya watu wa mbali, wenye magari mekundu na kofia ngumu. Lakini mkoani Njombe moto mwingi huzimwa na watu ambao hawajawahi kuitwa zimamoto, na ndiyo maana uamuzi wa Lyon unagusa historia ya mkoa huo kuliko inavyodhaniwa. Hoja yangu ni kwamba kimya cha kumbukumbu za Njombe juu ya magonjwa ya moshi, vumbi na dawa si ushahidi wa usalama. Kimya hicho kimetengenezwa na namna kazi ilivyopangwa huko kwa muda wa karibu miaka mia: mkataba mfupi, malipo kwa siku, na safari ya kurudi nyumbani kabla ugonjwa haujajitokeza.

Tuanze na swali la nani hasa anazima moto. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria namba 14 ya 2007 baada ya miaka mingi ya vikosi kuwa chini ya halmashauri za miji. Makambako, penye njia panda ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia na ile iendayo Njombe na Songea, na penye stesheni ya TAZARA, mtu anaelewa mara moja gari la zimamoto ni la nini. Malori ya mafuta yanapita usiku na mchana, na tangu lori la mafuta liwake Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 na kuua watu zaidi ya 100, hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Ila moto wa Njombe kwa sehemu kubwa uko vilimani, kwenye misindano na milingoti iliyopandwa mteremko baada ya mteremko, mahali ambapo gari lenye tangi la maji halifiki. Baridi ya Juni na Julai hukausha nyasi. Kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, cheche ya mtu anayesafisha shamba la mahindi inatosha. Majani ya msindano yaliyodondoka yanashika moto kama yamepakwa mafuta, na ya mlingoti yana mafuta kweli.

Wanaopanda huko kuuzima ni vibarua wa mashamba ya miti, wenye miti wenyewe, mgambo na wanakijiji walioitikia mbiu. Wanafyeka mbele ya moto, wanapiga ndimi zake kwa matawi mabichi, wachache wana pampu za mgongoni. Kazi yenyewe hasa huja moto mkubwa ukishalala: kugeuza magogo, kuchimbua visiki vinavyofuka, uso ukiwa umeinama juu ya moshi kwa saa nyingi, pengine usiku kucha, maana upepo wa kesho ukikuta kaa moja hai kazi yote imepotea. Hali hii si ya Njombe peke yake. Mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo wananchi wa kawaida na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Hata Marekani, nchi yenye ndege za kumwaga maji juu ya misitu, wazima moto wa porini kwa miongo mingi wamefanya kazi na kitambaa tu puani. Moshi wa mti unaoungua una benzini, fomalidehaidi, chembe ndogo sana zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na jamii ile ya kemikali za masizi ambayo hupenya hata kwenye ngozi. Nguo hubeba masizi hayo hadi nyumbani.

Sasa, wale wanasayansi wa Lyon walijuaje? Walijua kwa sababu ya madaftari. Tafiti walizozisoma zilitoka Marekani, nchi za Skandinavia, Australia, Korea Kusini, nchi ambako mzima moto ana namba ya kazi, ana kituo, ana tarehe ya kuajiriwa na ya kustaafu, na ambako jina lake linaweza kulinganishwa na daftari la wagonjwa wa saratani miaka 30 baadaye. Saratani nyingi za kazini huchukua miaka 10, 20, hata 40 kuonekana. Pasipo daftari linaloishi muda mrefu kuliko ajira, ushahidi haukusanyiki, na usipokusanyika kazi inaonekana salama. Njombe ni mahali ambapo kwa vizazi vitatu madaftari ya kazi yalitengenezwa makusudi yaishi muda mfupi.

Mfano wake wa wazi ni kipande. Katika Tanganyika ya Waingereza kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku alipomaliza kazi aliyopimiwa, karani au mnyapara aliweka alama. Nafasi zikijaa ndipo alipolipwa, hata kama kalenda ilikuwa imeshapita mwezi kwa majuma kadhaa. Mtu aliyeugua siku tano hakuandikwa kuwa aliugua. Nafasi tano zilikaa wazi tu, kama za mtoro. Kadi ikijaa, hesabu imefungwa, na kadi mpya haikumkumbuka mtu wa kadi ya zamani. Kipande kilipima kazi kwa ustadi mkubwa. Kilichokuwa nje ya uwezo wake, na nje ya haja ya waliokitengeneza, ni kujua kazi imefanya nini ndani ya mwili wa aliyeifanya.

Na mwili huo mara nyingi ulikuwa mbali na kwao. Wabena na majirani zao wa Nyanda za Juu Kusini, wakisukumwa na kodi na kukosa zao la kuuza karibu na nyumbani, walikwenda kwa maelfu kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ikawa moja ya wilaya zilizotegemewa. Wazee walioitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa, walikaguliwa na daktari kabla ya kusafirishwa. Ukaguzi ule mara nyingi hutajwa kama wema wa utawala, na kweli ulikuwa na manufaa yake. Lakini ulikuwa ukaguzi wa mlangoni wa kuingilia: uliteua wenye nguvu, ukawaacha wadhaifu. Mlango wa kutokea haukuwa na daktari. Aliyefanya kazi kwenye chumba cha kupigia mkonge brashi, ambako vumbi la nyuzi hufunika kila kitu, alirudi Njombe na kikohozi chake, na kikohozi hicho kikawa cha Njombe, si cha Tanga.

Walioandikishwa na wakala wa vibarua WENELA kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walipitia jambo lile lile kwa ukali zaidi. Huko sheria za kufidia ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mwamba zilikuwepo tangu miaka ya 1910. Mchimbaji mzungu alipimwa na kulipwa, mchimbaji mweusi akapimwa kwa uzembe na kurudishwa kwao. Vumbi hilo lenyewe liliwekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji walioathirika, wakiwemo wa nchi jirani, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwatafuta hadi vijijini. Sharti mojawapo ni kwamba mtu awe amefanya kazi kwenye migodi husika kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika ilikuwa imesitisha uandikishaji wa vibarua kwenda Afrika Kusini mwanzoni mwa uhuru, kwa sababu ya heshima kabisa, kupinga ubaguzi wa rangi. Matokeo yake ni kwamba wanaume wa Nyanda za Juu Kusini waliochimba miaka ya 1950 wako nje ya mapatano kwa tofauti ya miaka michache, na wengi wao walishakufa bila jina la ugonjwa wao.

Inaweza kudhaniwa kwamba kazi ilipoletwa nyumbani tatizo liliisha. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati ya Tanganyika, TANWAT, karibu na mji wa Njombe. Mwati ni mti wa Australia ambao gome lake hutoa tanini ya kulainishia ngozi. James Graham, mwanahistoria aliyeandika tasnifu juu ya vibarua wa wilaya ya Njombe kati ya 1931 na 1961, aliliona jambo hili kama sura mpya ya uhusiano wa zamani kati ya wilaya na mtaji wa Wazungu. Nakubaliana naye, na ningeongeza upande mmoja. Kilimo cha miwati kilifanya moto kuwa sehemu ya ratiba. Mbegu ya mwati ina ganda gumu linalohitaji joto ili iote. Kwa hiyo baada ya kukata miti na kubandua magome, matawi hulazwa kwa mistari na kuchomwa, na miche huota kwenye majivu. Kibarua wa miwati basi hakukutana na moshi siku ya ajali tu. Aliuwasha kwa amri, akausimamia usivuke mpaka, na msimu wa kiangazi akauzima ule uliovuka. Hakuna mshahara uliowahi kuitwa wa zimamoto katika kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya shamba, kama kupalilia.

Sheria za enzi hizo zilijua ajali. Sheria ya fidia ya wafanyakazi iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940 na Sheria ya Viwanda ya 1950 ziliandikwa zikimfikiria mtu aliyekatwa kidole na msumeno au kuangukiwa na gogo: tukio lenye siku, saa na shahidi. Magonjwa ya kazini yalitajwa, lakini mgonjwa alipaswa kuonyesha kwamba ugonjwa umetoka kazini, mzigo ambao hata profesa wa tiba angeuona mzito. Na viwango vya malipo viliachwa vioze. Hadi karne hii sheria ile ya kikoloni ilikuwa bado inatoa fidia isiyozidi shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na 83,000 kwa kifo. Fedha hizo hazikutosha hata nauli na dawa za kufuatilia dai. Mtu mwenye akili timamu hakudai, na asipodai, takwimu zinasema hakuna tatizo. Ilibidi ije Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wa WCF ulioanza kazi Julai 2015, ili hesabu hiyo ianze kubadilika.

Hapa inafaa kutazama jinsi maradhi ya namna hii yalivyogunduliwa kwingine, maana inaonyesha kwa nini Njombe hayakugunduliwa. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi walikuwa wanapata saratani ya ngozi ya pumbu, na akaihusisha na masizi. Vijana hao waliingizwa kazini wangali watoto, wakitambaa ndani ya mabomba, na saratani ilijitokeza wakiwa watu wazima. Pott hakuwa na maabara. Alikuwa na vitu viwili: ugonjwa adimu sana kwa watu wengine, na kundi la watu lililotambulika kwa kazi yake tangu utotoni. Karibu miaka 200 baadaye jambo hilo lilijirudia High Wycombe, mji wa mafundi wa viti na samani nchini Uingereza. Esmé Hadfield, daktari wa masikio, pua na koo, aliona kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo daktari wa kawaida angeweza kumaliza maisha yake ya kazi akiwa ameiona mara chache, ilikuwa inawajia mafundi mbao mmoja baada ya mwingine. Utafiti ulichapishwa 1968, na mwaka 1969 Uingereza ikaitambua kuwa ugonjwa wa kazi. Mwaka 1995 vumbi la mbao liliwekwa kundi la kwanza.

Fundi wa High Wycombe alizaliwa, akafanya kazi, akaugua na kutibiwa ndani ya mji mmoja, na kazi yake iliandikwa kwenye cheti cha kifo. Mpasuaji mbao wa Makambako anafanya msimu mmoja kwenye mashine ya ding'dong iliyowekwa katikati ya shamba la miti, msimu wa pili Mafinga, wa tatu anarudi kulima viazi. Mashine yenyewe huhama mti ukiisha, na pumba zake hubaki zikifuka porini. Akiugua miaka 25 baadaye, atapelekwa hospitali ya mkoa, kisha Mbeya, kisha pengine Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 700. Akiulizwa kazi atasema mkulima, na hatakuwa amedanganya. Hata angekuwepo Hadfield mwingine, angeliona faili la mkulima.

Kuna mapingamizi kadhaa yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba moshi ni wa kila mtu. Mama anayepika kwa kuni jikoni Njombe, penye baridi inayolazimisha moto kuwaka jioni nzima, anavuta moshi kila siku ya mwaka, wakati kibarua anazima moto siku chache za kiangazi. Ni kweli, na moshi wa kuni wa ndani ya nyumba wenyewe umewekwa na shirika la Lyon kwenye kundi la pili, la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani. Lakini pingamizi hili linapunguza upekee wa kibarua. Hatari yake inabaki palepale. Aliyekua katika jiko lenye moshi anaanza kazi mwili ukiwa tayari una deni, na kinachoongezwa shambani hujumlishwa juu yake. Tena kipimo cha saa moja ya kuchimbua visiki hakifanani na kipimo cha saa moja jikoni. Anayesema moshi wa jikoni unatosha kueleza kila kitu anapaswa kutuonyesha wagonjwa waliotenganishwa kwa kazi zao, na hilo ndilo lisilokuwepo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kisayansi. Ushahidi mkubwa wa saratani ya pua ulitokana na mbao ngumu za Ulaya, kama mwaloni, si misindano laini inayopasuliwa Njombe. Na uamuzi wa 2022 ulitokana zaidi na wazima moto wa mijini, wanaokutana na plastiki, rangi, asbestosi za mapaa ya zamani na moshi wa injini za dizeli kituoni. Saratani ya utando wa mapafu inahusishwa hasa na asbestosi, na msituni hakuna asbestosi. Nakubali tofauti hizo. Anayedai kwamba mzima moto wa Lupembe, mkoani Njombe, ana hatari sawa na wa Chicago anasema asichokijua. Ila shirika lile halikuwatenga wazima moto wa porini katika uamuzi wake, na kemikali za masizi alizozilaumu Pott bila kuzijua majina zimo katika kila moshi wa mti. Tofauti ya kipimo inahitaji kupimwa. Haiwezi kutumika kama sababu ya kutopima.

La tatu linahusu maradhi mengine yanayoziba njia. Njombe ndio mkoa uliobeba mzigo mkubwa kuliko yote Tanzania Bara katika maambukizi ya virusi vya UKIMWI: asilimia 14.8 ya watu wazima katika utafiti wa 2011–12, 11.4 katika ule wa 2016–17, na 12.7 katika ule wa 2022–23. Virusi hivyo huongeza saratani kadhaa, ikiwemo ya shingo ya kizazi. Saratani ya kibofu nayo Tanzania ina mshukiwa wake wa siku nyingi, kichocho, ambacho hakina ubishi. Kwa hiyo daktari akimwona mtu wa Njombe mwenye uvimbe, ana maelezo mawili tayari mezani kabla hajafika kwenye moshi. Sioni kosa katika hilo. Daktari huanza na kinachojulikana. Lakini kichocho ni ugonjwa wa maji ya joto, na ubaridi wa Njombe si rafiki wa konokono wanaokisambaza. Mzee wa Njombe mwenye saratani ya kibofu angepaswa kuulizwa amewahi kuishi wapi na kufanya kazi gani. Huenda jibu likawa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na hapo kichocho na kazi vitakuwa jambo moja lenye historia moja.

Kuna pia sauti inayosema haya yote ni anasa. Miti imeitoa Njombe mahali. Watu wamejenga nyumba za tofali za kuchoma, wamesomesha watoto, wamenunua bajaji kwa ekari mbili za misindano. Kwa miaka kadhaa tangu 2014 mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliosaidiwa na Finland, ulifanya upandaji wa wakulima wadogo kuwa sera ya wazi. Kuzungumzia saratani mbele ya mafanikio hayo kunaonekana kama kuharibu soko. Naona kinyume chake. Umiliki ulipohama kutoka mashamba makubwa kwenda kwa maelfu ya wakulima, hatari ilihama pia, bila mwajiri wa kuulizwa. Kampuni kubwa ina zahanati, ina mkaguzi wa OSHA anayeweza kubisha hodi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na ina wajibu wa kuchangia WCF. Mwenye ekari mbili ana jirani zake tu. Wote wanapanda mlimani pamoja moto ukitokea, na hakuna kati yao ambaye sheria inamtambua kuwa yuko kazini.

Nguzo za umeme ni kisa kifupi cha namna hiyo hiyo. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, aanze kazi 2007, mahitaji ya nguzo yaliongezeka sana na viwanda vikaenea Njombe na jirani zake. Mlingoti hubanduliwa gome, hukaushwa, husukumwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa huingizwa kwa shinikizo hadi ndani ya nyuzi za mti. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, uliobuniwa na Mhindi Sonti Kamesan, Dehra Dun, mwaka 1933. Ni dawa hodari, mchwa hasogei. Aseniki na kromiamu ya aina hiyo zote ziko kundi la kwanza, na Marekani mbao zenye dawa hiyo ziliacha kutengenezwa kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Nguzo ikitoka mtungini ikiwa na rangi ya kijani na bado inachuruzika, anayehitaji glavu zaidi ni kibarua wa kuivingirisha, ambaye kwa kawaida ni wa siku. Na kipande kilichokatwa kikiishia kuwa kuni, aseniki inapanda na moshi na kubaki kwenye majivu. Mtu wa zimamoto akija kuzima stoo yenye nguzo hizo anakutana na moshi mwingine kabisa.

Sheria ya sasa, kwa maandishi, ni nzuri kuliko zilizotangulia. Inataka mfanyakazi apimwe afya, na WCF inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, siyo ajali tu. Mashaka yangu yako kwenye ukubwa wa mlango. Fidia humfikia aliyeajiriwa na mwajiri aliyesajiliwa. Kibarua wa wiki mbili kwenye ding'dong na mwanakijiji aliyeitikia mbiu hawamo. Wanaotetea hali hii husema haiwezekani kumwandika kila aliyeshika tawi. Lakini kipande kiliwezekana. Utawala uliokuwa na makarani wachache na usafiri wa shida uliweza kuhesabu kila siku ya kila kibarua katika nchi nzima, kwa sababu ulitaka kujua nani alipwe na nani asilipwe. Ofisi ya kijiji ambayo leo huandika waliohudhuria mkutano na waliochangia madawati inaweza kuandika waliopanda kuzima moto, tarehe, na saa walizokaa.

Kwa miaka iliyopita kuna njia moja tu, ile ya High Wycombe: kuanzia kwa mgonjwa na kurudi nyuma. Madaftari ya malipo ya mashamba ya miti, popote yaliposalia, yana majina na mara nyingi idara ya kazi. Yanaweza kulinganishwa na mafaili ya Ocean Road na hospitali za Nyanda za Juu Kusini, iwapo fomu ya mgonjwa itaacha kuridhika na neno mkulima na kuuliza alifanya kazi zipi nyingine, wapi, na alizima moto misimu mingapi. Maswali hayo hayachukui dakika mbili. Waliobandua magome ya miwati miaka ya 1960, ambao ndio wangeweza kuyajibu kwa ajili ya kizazi chao, sasa wana umri wa miaka 70 kwenda juu.